Kuelea na Apache bila kuanguka: mwongozo kamili kwa waliokwama

Jumamosi jioni chumba changu hapa Kisasa, Dodoma, huwa hakina pa kukanyaga. Wanakuja vijana wa mtaani, wanafunzi wa UDOM, na fundi magari mmoja ambaye hukaa pembeni akiangalia tu. Karibu wote wanajua kuwasha injini za Apache, helikopta ya kivita, kwenye gemu la kompyuta. Wanajua kurusha makombora, na wapo waliokariri kila swichi. Lakini mwambie mtu ainue helikopta futi 10 juu ya uwanja, aiweke hapo dakika moja. Sekunde ya ishirini imeshalala ubavu, mapanga yamevunjika, na mwenyewe analaumu jostiki.

Jumamosi iliyopita walianguka sita mfululizo, kwa kosa lilelile. Si wazembe hata kidogo. Hakuna aliyewaambia kosa lenyewe ni lipi, na video nyingi za mafunzo hulipita haraka ili zifike kwenye kulipua vifaru. Kwa hiyo nimekaa nikaandika kila kitu ninachowaonyesha, kwa mpangilio ninaoutumia.

Mwongozo huu ni wa AH-64D Apache ndani ya DCS World, gemu la Eagle Dynamics. Ukiwa na helikopta nyingine humo ndani utafaidika pia, ila angalia upande wa padeli: Mi-24 ya Warusi huzungusha rota (mapanga ya juu) upande wa pili, na Ka-50 ina rota mbili zilizopandana wala haina rota ya mkia. Kushoto kwangu kunaweza kuwa kulia kwako.

Maneno matatu nitayatumia kila mahali. Fimbo ni jostiki ya mkono wa kulia. Huinamisha helikopta mbele, nyuma, kushoto au kulia. Kolektivi ni wenzo wa mkono wa kushoto. Hubadilisha pembe ya mapanga yote ya rota kuu kwa pamoja, ukiuinua unapanda, ukiushusha unashuka. Padeli hugeuza pua.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenye RAM ya GB 16 au zaidi. GB 32 ni bora. Hifadhi iwe SSD, na uache nafasi ya GB 200 ili usianze kufutafuta mafaili kila gemu linapoongezwa kitu.
- Jostiki yenye mambo mawili: mpini unaojizungusha kushoto na kulia (ndio utakuwa padeli zako) na kitelezi au wenzo mdogo pembeni (ndio kolektivi). Thrustmaster T.16000M na Logitech Extreme 3D Pro zote zina vitu hivyo. Hata iliyotumika inafaa, mradi mpini usiwe umelegea.
- DCS World yenyewe. Ni bure, pamoja na ramani ya Caucasus. Apache inanunuliwa. Ukipakua kutoka tovuti ya gemu lenyewe, ndege nyingi huruhusiwa kujaribiwa siku 14 bila malipo, kwa hiyo angalia kama Apache imo kwenye orodha kabla hujatoa hela.
- Feni ya mezani na brashi laini ya rangi, ile ya inchi moja.
- UPS, kama unatumia kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika gemu likiwa linaandika kwenye diski, unaweza kujikuta unakagua na kupakua upya vitu ambavyo bando lako halina uwezo navyo.
- Daftari na kalamu. Utaandika namba mbili tatu ambazo zitakuokoa baadaye.

Bila jostiki inawezekana, kwa kibodi, lakini sikushauri. Kitufe kinajua kubonyezwa na kuachwa tu. Kuelea kunahitaji robo ya robo.

## Hatua ya 1: Poza kompyuta

Utasema hili halihusiani na urubani. Linahusiana kuliko unavyodhani.

Kompyuta ikipata joto kali hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Picha zinaanza kuchelewa. Unachokiona kwenye skrini kinakuwa kimeshatokea muda kidogo uliopita, na mkono wako unasahihisha kosa ambalo si lenyewe tena. Kwenye gari la mashindano ungevumilia, lakini helikopta inayoelea haivumilii.

Dodoma tunalo tatizo jingine juu ya hilo. Kuanzia katikati ya mwaka upepo unapokazana, vumbi linaingia kila mahali, na Oktoba joto nalo linapanda. Dada mmoja wa chuo alikuja akiwa ameshaamua kuacha kabisa. Tulifungua kompyuta yake mpakato tukakuta feni ya ndani imejifunika vumbi kama blanketi. Tuliisafisha kwa brashi, tukairudishia kifuniko, na jioni ileile alielea nusu dakika.

Fanya hivi: zima kompyuta, chomoa waya, fungua kifuniko cha chini, safisha feni na matundu ya hewa kwa brashi. Shikilia feni kwa kidole isizunguke unapoisugua. Ukimaliza, inua kompyuta kwenye vitabu viwili ili hewa ipite chini, na elekeza feni ya mezani hapo.

Kisha punguza ubora wa vivuli na mawingu ndani ya gemu. Usipunguze umbali wa kuona, utauhitaji.

Utajuaje imekubali: ukizungusha kichwa ndani ya chumba cha rubani, mandhari inateleza bila kukatakata. Bora picha 40 kwa sekunde zisizoyumba kuliko 70 zinazoporomoka hadi 25 kila ukiikaribia ardhi.

## Hatua ya 2: Panga mihimili ya jostiki upya

Gemu likiona jostiki mpya hujipangia lenyewe, na mara nyingi mhimili mmoja unajikuta unafanya kazi mbili. Nenda kwenye mipangilio ya vidhibiti, chagua AH-64D ukiwa kiti cha rubani, fungua orodha ya mihimili, futa kila kitu kilichopangwa kwenye safu ya jostiki yako. Kisha panga minne tu: fimbo mbele na nyuma, fimbo kushoto na kulia, padeli, kolektivi.

Kwenye urekebishaji wa mhimili, fimbo na padeli zipe mpindo wa 15 hadi 20. Maana yake katikati inakuwa laini, pembeni inabaki na nguvu yake. Kolektivi usiipe mpindo wowote; unataka ipande sawasawa toka chini hadi juu.

Halafu kuna lile eneo la katikati ambalo gemu haliisikii jostiki. Liweke sifuri. Kama jostiki yako imechoka na inatetemeka yenyewe, weka 2, basi. Wengi huweka 10 wakidhani wanajituliza, kumbe wanajimaliza: kuelea kote kunafanyika ndani ya hilo eneo dogo la katikati. Ukiliua, unasukuma, hakuna kitu, unasukuma, hakuna kitu, halafu inakuja yote kwa mpigo.

Kolektivi kwa kawaida inakuja kinyume. Amua mapema: kusukuma mbele iwe kupanda, au kuvuta nyuma iwe kupanda. Kwenye helikopta halisi rubani huvuta juu, lakini kwa kitelezi kidogo sioni ubaya kusukuma. Ubaya ni kubadilisha kila wiki.

Utajuaje imekubali: ingia kwenye helikopta, bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na Enter. Kinatokea kisanduku kinachoonyesha fimbo, padeli na kolektivi zilipo. Sogeza kimoja kimoja. Kila kitu kiende upande unaoutaka, na ukiachia jostiki alama ya fimbo irudi katikati bila kucheza. Kiache kisanduku hicho kwenye skrini. Utakihitaji hadi mwisho.

## Hatua ya 3: Tengeneza uwanja wa mazoezi

Usijifunzie kwenye misheni ya vita. Fungua kitengeneza misheni, weka Apache moja uwanja wa Batumi kwenye ramani ya Caucasus, injini zikiwa zimeshawashwa. Mafuta nusu. Silaha toa zote. Upepo sifuri, joto digrii 15, saa nne asubuhi.

Kwa nini Batumi? Uko kando ya bahari, karibu usawa wa maji. Hewa hapo ni nzito, na rota inapata cha kushika. Sisi Dodoma tuko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Tutarudi huku nyumbani kwenye hatua ya 9. Kwanza jifunze pale helikopta ilipo na nguvu ya ziada.

Hifadhi misheni hiyo kwa jina ambalo hutalisahau. Utaifungua mara mia.

## Hatua ya 4: Mkono

Hii ni fupi lakini usiiruke. Ukiweka jostiki mezani na mkono ukaning'inia hewani, bega ndilo linaloendesha, na bega halijui kufanya kitu kidogo. Sogeza kiti, weka jostiki kwenye ukingo wa meza au kwenye kigoda katikati ya magoti, na laza mkono toka kiwiko hadi kifundo juu ya paja. Marubani halisi hulaza mkono wao pajani vivyo hivyo. Shika kwa vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati. Ukiona kucha zimebadilika rangi, umekaza mno.

## Hatua ya 5: Ifanye iwe nyepesi, usiirushe

Hapa ndipo wengi huharibu kabla hata hawajaanza. Wanainua kolektivi kwa mkupuo, helikopta inaruka kama panzi, pua inazunguka kulia, mkono unashtuka, imekwisha.

Elewa kinachotokea. Ukiitazama Apache kutoka juu, rota kuu inazunguka kinyume cha mshale wa saa. Kwa hiyo mwili wa helikopta unataka kuzunguka upande wa pili, yaani pua kwenda kulia. Rota ya mkia ipo kuzuia hilo, na wewe unaiongoza kwa padeli ya kushoto. Lakini rota ya mkia nayo, katika kuzuia, inaisukuma helikopta nzima kwenda kulia. Ndiyo maana fimbo lazima iwe kushoto kidogo. Haya mawili hayaepukiki, na ukiyajua mapema hayakushtui.

Sasa fanya:

1. Breki za magurudumu zimefungwa, gurudumu la mkia limefungwa.
2. Inua kolektivi polepole sana, kama unamimina mafuta ya taa kwenye kibatari. Hesabu hadi kumi kabla magurudumu hayajaanza kuachia.
3. Kadiri unavyoinua, ongeza padeli ya kushoto ili pua ibaki pale pale.
4. Sogeza fimbo kushoto kwa upana wa punje ya mchele kwenye kile kisanduku.
5. Helikopta ikianza kuyumba kwa wepesi, magurudumu bado yamegusa, simama hapo. Usiendelee kupanda. Kaa nusu dakika ukiisikiliza, kisha shusha kolektivi.

Rudia mara kumi. Ndiyo, kumi. Mtu akifika hapa huona anapoteza muda, lakini hatua hii ndiyo inayoufundisha mkono mahali fimbo na padeli zinapotakiwa kuwa kabla ya kuondoka ardhini.

Onyo: ikiwa gurudumu moja bado liko chini na helikopta inaanza kulala upande mmoja, usiivute kwa fimbo upande wa pili. Shusha kolektivi taratibu. Gurudumu lililokwama linageuka kama bawaba ya mlango, na ukipita pembe fulani fimbo yote haitoshi kukurudisha.

Utajuaje imekubali: pua haigeuki zaidi ya digrii tano, na unaweza kuniambia bila kuangalia kisanduku padeli yako iko wapi.

## Hatua ya 6: Futi 10

Hapa ndipo kosa lenyewe lilipo.

Waliokwama wote wanaikimbiza helikopta. Ikienda kulia wanasukuma kushoto, wanashikilia, wanasubiri isimame. Ikisimama wanaachia. Kumbe imeshapata mwinamo wa kushoto, inaondoka kushoto, tena kwa kasi zaidi. Wanasukuma kulia kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu au ya nne panga linagusa lami.

Sababu yake ni moja. Fimbo haikupi mwendo. Inakupa mwinamo, na mwinamo ndio unaozaa mwendo. Mashine ya tani sita na ushee haianzi kwenda wala kusimama papo hapo. Ukisubiri kuiona imesimama ndipo uondoe mkono, umechelewa. Kila sahihisho linatakiwa liondolewe kabla halijaonyesha matunda yake yote.

Kwa hiyo kanuni ni hii: gusa, rudisha, subiri. Sukuma kidogo, rudisha papo hapo karibu na pale ulipotoka, kisha hesabu moja, mbili bila kufanya lolote. Halafu tazama. Bado inaenda? Gusa tena. Hizo sekunde mbili za kutofanya kitu ndizo ngumu kuliko kitu chochote kwenye gemu hili.

Umewahi kumwangalia mtu aliyejitwika ndoo ya maji kutoka bombani, mikono imeachia? Hatazami ndoo. Hatazami miguu. Macho yako mbele kabisa, na shingo inafanya vijisahihisho vidogo ambavyo hata yeye hajui anavifanya. Mtoto anayejifunza ndiye anayesimama, anainua mikono, anapindisha shingo, na maji yanamwagika mgongoni. Nilipompa fundi magari mfano huu alisogeza kiti, akashika jostiki kwa mara ya kwanza, akaelea sekunde kumi na tano. Alikuwa ameshawaona wenzake wakimwaga maji kwa miezi miwili.

Fanya hivi:

1. Chagua vitu viwili mbele yako, kimoja karibu na kimoja mbali, vilivyopangana: nguzo ya taa na jengo lililo nyuma yake, kwa mfano. Vikiachana, unasogea pembeni. Ni rahisi kuliko kutazama lami chini ya pua, ambayo inakudanganya.
2. Inua kama hatua ya 5, lakini safari hii usisimame. Ongeza kolektivi kidogo tu hadi magurudumu yaachie, na uiache ipande yenyewe hadi futi 10. Kimo kiko upande wa kulia wa alama za kwenye kioo cha jicho, kile kidogo kilicho mbele ya jicho la kulia la rubani.
3. Usishangae ikielea imeinama kidogo kushoto, pua juu kidogo. Hivyo ndivyo Apache inavyokaa. Ukiilazimisha iwe sawa kama meza, itaondoka kulia.
4. Tazama namba ya asilimia iliyo juu kushoto, inayoonyesha unavuta injini kiasi gani. Ukiwa umetulia, iandike kwenye daftari. Hiyo ndiyo namba yako ya futi 10 kwa uzito huo na joto hilo.
5. Sahihisha kitu kimoja kwa wakati. Kila ukigusa kolektivi, padeli itadai chake, na padeli ikiguswa fimbo nayo itadai chake. Kwa hiyo iache kolektivi itulie. Kupanda hadi futi 13 na kushuka hadi 8 si kosa.

Ukishazoea macho, washa alama za kuelea kwa swichi iliyo kwenye fimbo. Utaona mstari unaoanzia katikati na kiduara kidogo. Mstari unaonyesha unakwenda wapi na kwa kasi gani. Ukifika mwisho wake ni noti 6, kama kilomita 11 kwa saa. Kiduara kinaonyesha mstari unaelekea kuwa wapi. Hicho ndicho kinachokutangulia, na ndicho unachotakiwa kukiongoza: kirudishe katikati, mstari utakifuata wenyewe. Ukiongoza mstari, umerudi kukimbiza.

Siruhusu mtu aanze na alama hizi. Wanaoanza nazo wanagandisha macho kwenye kiduara, na siku alama zikizimwa hawajui kuruka.

Onyo: ikianza kuyumba na kila yumbo ni kubwa kuliko lililopita, usiendelee kupigana nayo. Ongeza kolektivi kidogo upate kimo, rudisha fimbo mahali pake pa kawaida kwenye kisanduku, na uache sekunde tatu zipite. Mara nyingi inatulia. Isipotulia, anza misheni upya bila aibu yoyote.

Utajuaje imekubali: dakika moja ndani ya duara la upana wa rota, ambayo ni mita 14.6 kutoka ncha hadi ncha. Watu wangu huchukua kati ya jioni tatu na wiki tatu. Anayefika mapema si lazima awe bora mbele ya safari.

## Hatua ya 7: Trimu

Kushikilia fimbo kushoto muda wote kunachosha, na mkono uliochoka unakaza. Trimu ndiyo dawa. Kwenye fimbo ya Apache kuna swichi ambayo ukiisukuma juu inaachia fimbo, ukiiachia inaishikilia pale ulipoifikisha. Ipangie kitufe ambacho kidole gumba kinakifikia bila kutafuta.

Jostiki zetu za springi zina tatizo: ukitrimu, springi inairudisha jostiki katikati, na gemu linaweza kuhesabu mara mbili. Kwenye mipangilio maalumu ya Apache chagua namna ambayo gemu linasubiri jostiki irudi katikati kabla ya kuisikiliza tena. Kisha: bonyeza, achia, na papo hapo legeza mkono jostiki irudi katikati. Fanya hivyo kila unapofika mkao mpya.

Kuna sababu nyingine ya kutrimu ambayo wengi hawaijui. Apache ina kompyuta inayokusaidia kutuliza mwili wake, lakini imepewa sehemu ndogo tu ya mwendo wa vidhibiti, asilimia 10 kwa sehemu kubwa. Ukienda mbali na pale ulipotrimu, msaada huo unafika ukingoni na kuisha. Ghafla helikopta inakuwa kali mkononi. Watu husema gemu lina hitilafu. Hawajatrimu.

Baada ya kuweza kuelea kwa mkono, jaribu vishikizi: kimoja hushika mkao, kingine hushika kimo. Ukikiwasha cha mkao chini ya noti 5, helikopta inajaribu kubaki mahali pamoja. Kati ya 5 na 40 inashika mwendo. Zaidi ya hapo inashika mwinamo. Kwa hiyo simama kwanza, kisha uwashe. Anayewasha akiwa bado anateleza anajikuta anateleza milele.

## Hatua ya 8: Kurudi chini

Punguza kolektivi kwa kiasi ambacho hukioni, unakihisi tu. Karibu na ardhi, kwenye kimo kisichozidi upana wa rota, hewa inayosukumwa chini inakuwa kama godoro: unahitaji nguvu kidogo kuliko ukiwa juu. Ndiyo maana kwenye futi 5 helikopta inagoma kushuka, na anayeanza anakata kolektivi kwa hasira. Usifanye hivyo. Punguza kidogo, subiri, punguza tena. Padeli ya kushoto nayo unaipunguza pamoja.

Ukiwa juu zaidi, hatari ni nyingine. Kushuka wima kwa zaidi ya futi 300 kwa dakika huku mwendo wa mbele ukiwa karibu na sifuri kunaiweka rota ndani ya hewa chafu iliyoisukuma yenyewe. Unaongeza kolektivi na unazidi kuporomoka. Ukikutwa na hilo, sukuma fimbo mbele utoke kwenye hewa hiyo, punguza kolektivi, halafu ndipo upande.

## Hatua ya 9: Ilete Dodoma

Sasa ndiyo raha yenyewe. Jeshi la Marekani lilipotoa masharti ya helikopta hii miaka ya 1970, halikuuliza inafanya nini kando ya bahari asubuhi ya baridi. Lilitaka iweze kupanda wima ikiwa futi 4,000 juu, joto la nyuzi 95 za Fahrenheit. Geuza uone: mita 1,219, digrii 35. Hapo pamebaki mita mia hivi tu kufika ulipo uwanja wetu wa ndege, kwenye mchana mkali wa kabla ya mvua. Mwaka 1976 kampuni ya Hughes iliishinda kampuni ya Bell ikapewa kazi hiyo, na masharti yale ndiyo yaliyoipa Apache injini mbili za T700.

Kwenye kitengeneza misheni pitisha kishale juu ya milima ya Caucasus. Ukingo wa chini wa skrini unaonyesha kimo cha ardhi. Tafuta sehemu tambarare ya mita 1,100, weka helikopta hapo chini, injini zimewashwa. Panga mwezi wa Agosti na uongeze joto hadi karibu na kikomo kinachoruhusiwa. Mafuta bado nusu. Elea futi 10, andika ile asilimia, ilinganishe na ya Batumi.

Baada ya hapo ongeza mzigo kidogo kidogo: mafuta yote, kisha makombora manne, nane, kumi na sita. Kila kombora hilo, Hellfire kwa jina, ni zaidi ya kilo 45. Mwisho weka upepo wa mita 3 kwa sekunde, kwanza toka mbele, kisha toka kushoto na kulia. Upepo wa nyuma uache hadi uwe huna hofu nao. Unashika mkia na kutaka kukugeuza.

Onyo: ikiwa kwenye futi 10 asilimia imeshakaribia mwisho, usipande futi 60. Lile godoro la hewa halipo huko juu, na huna cha kuongeza.

## Hatua ya 10: Nyuma ya kilima

Sasa utaona kwa nini nimekutesa na futi 10. Apache iliundwa ijifiche nyuma ya mti au kilima, ichungulie, irushe, irudi. Jicho lake la kulengea liko puani, kwa hiyo kuchungulia ni kuinua mwili karibu wote. Toleo la D lilipata rada juu kabisa ya rota ili kitu kinachochungulia kiwe kile kiduara cha juu tu. Hellfire ya kuongozwa kwa leza inataka mwanga ubaki juu ya shabaha hadi kombora lifike. Kwa shabaha ya kilomita 8 hiyo ni zaidi ya nusu dakika ya kuelea bila kuyumba. Ile ya rada inajiendea yenyewe, nawe unashuka mara moja.

Weka kifaru kimoja kilomita 5 mbele ya kilima, kisichorusha risasi. Kaa kiti cha nyuma, cha rubani. George, msaidizi wa kompyuta aliye kiti cha mbele, atalenga. Elea nyuma ya kilima, trimu, panda wima taratibu hadi George aone, shikilia, arushe, shuka kwa utaratibu wa hatua ya 8.

Usikae hapo juu ukifurahia. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 2003, karibu na Karbala nchini Iraq, Apache 31 ziliondoka kushambulia. Moja ilianguka na marubani wake wawili wakakamatwa, na karibu zote nyingine zilirudi na matundu ya risasi, zilizorushwa kwa sehemu kubwa kutoka mitaani na juu ya mapaa ya nyumba. Kilima kinakuficha na aliye ng'ambo yake, lakini aliye chini yako anakuona. Kwa hiyo kabla ya kupanda, geuza kichwa pande zote mbili na nyuma.

Utajuaje imekubali: umepanda, kifaru kimewaka, umeshuka, na magurudumu yamegusa ndani ya mita 15 za pale ulipoondokea, bila kuanza misheni upya hata mara moja. Ukifika hapo, toa mafuta nusu, rudi Batumi, na ufanye hatua ya 6 alama zote zikiwa zimezimwa.